Kabla hujajaza jiolojia kwenye fomu ya chuo

Kwenye maonesho ya vyuo vikuu pale viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, meza yetu ya jiolojia, sayansi ya miamba na ardhi, huwa haina foleni. Wenzetu wa udaktari na uhasibu wanazidiwa na watu, sisi tunapangusa vumbi kwenye mawe. Mwaka mmoja alikuja mama na kijana wake aliyemaliza kidato cha sita. Mama akashika jiwe lenye vimeta, akaligeuza kwenye mwanga: "Mwalimu, hii si dhahabu hii?"

Nikampa sindano. "Mama, hebu chokonoa hapo panapong'aa."

Akachokonoa. Kikabanduka kigamba chembamba kama ganda la kitunguu. Ulanga, yaani maika. Dhahabu haibanduki magamba, ukiigonga inabonyea na kutandazika. Ingekuwa pairaiti, yale madini ya chuma na salfa ambayo yameshawaponza wengi, ingevunjika vipande na kutoa harufu ya kiberiti.

Kijana alicheka. Mama hakucheka. "Kwa hiyo miaka yote hiyo chuoni ni ya kuchokonoa mawe?"

Nikamwambia mwanzoni ndiyo, kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi wetu anapewa jiwe, lenzi ya kukuza mara kumi, kisu na chupa ndogo ya asidi iliyozimuliwa, kisha anakatazwa kutaja jina la jiwe. Anatakiwa aeleze kwanza: punje zina ukubwa gani, zimeshikanaje, zina rangi gani pale jiwe lilipovunjika (siyo juu, kwenye kutu na kuvu), kisu kinalikwaruza au hakilikwaruzi, likidondoshewa asidi linatoa povu kama chokaa au limenyamaza. Jina linakuja mwisho. Wanafunzi waliozoea kukariri hutaabika sana hapa. Nimeona waliopata A tupu sekondari wakikaa nusu saa na kipande cha jiwe, daftari jeupe.

Somo lenyewe ni pana kuliko jina lake. Chini ya mwavuli wa sayansi za dunia kuna jiolojia, kuna jiofizikia inayopima mitetemo, sumaku na umeme wa ardhini, kuna jiokemia inayochunguza kemikali zilizomo kwenye miamba, kuna haidrojiolojia ya maji yaliyo chini ya ardhi. Wapo wanaoomba Chuo Kikuu Ardhi wakidhani jina linatosha. Kule watakuta upimaji ardhi, usanifu majengo na mipango miji, fani nzuri zote, ila siyo hii. Jiolojia utaikuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa upande wa tahasusi, fizikia, kemia, hisabati na jiografia ndizo zinazobeba mzigo, lakini vigezo vya kila programu visome mwenyewe kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka unaoomba, usitegemee aliyeingia miaka mitano iliyopita.

Sasa, dhahabu. Ipo, Geita inajulikana, na wahitimu wetu wapo migodini. Ila mimi ningependa mzazi aifikirie hii fani kupitia maji.

Sehemu kubwa ya Dodoma na Singida imekalia granaiti ya zamani mno, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Granaiti isiyo na nyufa ni kama sakafu ya saruji, haina maji. Maji hukaa kwenye tabaka la juu lililooza, au kwenye nyufa. Kuzitafuta, tunapigilia vigingi vinne vya chuma kwa mstari mmoja: viwili vya nje vinaingiza umeme ardhini, viwili vya ndani vinapima volti. Kisha vile vya nje tunavisogeza mbali zaidi na zaidi, umeme nao unazama. Mwamba mkavu unaugomea, ulioloa unaupitisha. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao unaupitisha vizuri sana, lakini hauachii maji yakafika kwenye pampu.

Niliwahi kusimama mbele ya kijiji kizima, mtambo umeshashuka mita 80 na kinachotoka ni vumbi tupu. Vipimo vyangu vilikuwa safi. Mzee mmoja akanisogelea akasema kwa upole, "Mtaalamu, si tulikuonesha pale penye mkuyu?" Kweli walinionesha, nikaona ni mambo ya kimila. Jioni nilipofungua picha ya anga nikaona mikuyu mitatu imejipanga kwenye mstari mnyoofu unaokata bonde, na mstari huo ulikuwa ufa. Kisima cha pili tulikichimba hapo. Tangu siku hiyo, wanafunzi wangu hawafungui sanduku la vifaa kabla ya kuzunguka eneo kwa miguu na mwenyeji.

Ukienda Arusha, jiolojia utaiona hata kwenye tabasamu. Meno yenye madoa ya kahawia ya watu waliokulia kuzunguka Mlima Meru yametokana na floraidi ambayo maji huiokota kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo huko vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa.

Na Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuizoa Katesh, mji ulio chini yake, uvumi wa kwanza ulikuwa kwamba volkano imelipuka. Wataalamu waliopanda mlimani walikuta sehemu ya mlima yenye miamba laini imefyonza maji ya mvua hadi ikamegeka. Tofauti hiyo si ya kitabuni, maana volkano inataka ufuatiliaji wa aina nyingine kabisa, na watu kujengewa mahali pengine.

Ajira? Nitasema kama nilivyomwambia mama. Kampuni za utafutaji madini huajiri bei ikipanda, na ikishuka, kama bei ya dhahabu ilivyoporomoka mwaka 2013, mjiolojia ni miongoni mwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Serikalini kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, Tume ya Madini, RUWASA (wakala wa maji vijijini), bodi za maji za mabonde, TPDC (shirika la petroli) kwa upande wa gesi, na TGDC, kampuni ya umma ya jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi. Nafasi zake zinagombaniwa. Anayejua kuchora ramani kwa QGIS, programu isiyolipiwa hata senti, na akajifunza kuandika programu za kompyuta kidogo, hupata vibarua wakati wenzake wanasubiri tangazo. Na kambi za uwandani ni za kweli: hema, jua, kutembea kutwa na begi linaloongezeka uzito kila unapookota sampuli. Mabinti wanaziweza kama wavulana. Wasioziweza ni wasiopenda kutembea.

Yule kijana nilimpa kipande cha granaiti ya Mwanza, lenzi na karatasi. Andika unachokiona, usitaje jina. Aliinama kama dakika kumi. Akaandika kwamba kuna punje za kijivu zinazopitisha mwanga kama kioo, punje za rangi ya waridi zenye uso bapa, na vidoti vyeusi vinavyong'aa, na zote zimebanana bila nafasi katikati.

Mama akamchukulia lenzi, akachungulia, akaomba tena ile sindano.

"Mwalimu," akasema, "hivi vyeusi navyo si vinabanduka?"

Vilikuwa ulanga.