Kodi ya jengo haikatwi kila ukinunua umeme

Kuna ujumbe haukomi kuzunguka kwenye magrupu: eti kila ukinunua umeme wa LUKU (mita ya kulipia kabla ya kutumia), kodi ya jengo inakatwa upya. Si kweli. Tangu 2021 Tanzania hukusanya kodi hii kupitia mita ya umeme, mara moja tu kwa mwezi. Nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500.

Usiponunua umeme miezi miwili, deni halifutiki. Mwezi wa tatu unakatwa 4,500 kwa mpigo, na hapo mtu huona ameibiwa. Uchungu huo unaeleweka, ila tafadhali tuache kuusambaza ujumbe huu. Linganisha risiti zako za mwezi mmoja: kodi itaonekana kwenye ya kwanza, zinazofuata hazina.