Dawa ilimuua mlinzi, utitiri wakabaki

Mkulima mmoja aliniita nimwangalizie michungwa yake. Majani yalikuwa yamepauka, yamejaa vidoa vidogo vya manjano kana kwamba yamedungwa kwa ncha ya sindano, na upande wa chini yalikuwa na utando mwembamba ulionasa vumbi. "Nimepuliza mara tatu, utitiri ndio kwanza wanaongezeka," aliniambia, akimaanisha vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani. Nikamuuliza dawa ya kwanza kabisa aliipuliza kwa ajili ya nini. Vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mmea. Na utitiri wakati huo? Hawakuwepo, walikuja baadaye.

Ukweli ni kwamba walikuwepo siku zote, ila walikuwa wachache mno kuonekana kwa sababu kulikuwa na wa kuwala. Dawa aliyotumia ilikuwa ya kundi la pairethroidi, dawa za viwandani zinazoua wadudu wa aina nyingi bila kuchagua. Vidukari walikufa, na pamoja nao wakafa utitiri wawindaji, wanaokula utitiri wenzao, ambao ndio walinzi wa mti. Utitiri wanaofyonza majani huistahimili dawa hiyo vizuri kuliko maadui wao, na kwenye joto kali yai lao huweza kufika utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi. Mpulizo wa pili na wa tatu ulikuwa unawasafishia njia tu.

Kuwatofautisha si kazi ngumu ukiwa na lenzi ya mkononi. Geuza jani, tulia kidogo. Anayefyonza jani hukaa penye utando wake na kutembea polepole. Mwindaji ana umbo la tone la maji, mwili wake unang'aa, na hukimbia bila kutulia akifuata mishipa ya jani. Naomba kila mwenye shamba la matunda amwone huyu mkimbiaji walau mara moja kabla ya kushika bomba la dawa.

Jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 michungwa ya California ilikuwa inaangamizwa na mdudu gamba mwenye mfuko mweupe kama pamba, aliyeingia kutoka Australia. Albert Koebele, mtaalamu wa wadudu, alitumwa hukohuko Australia kutafuta maadui wake, na shehena za kwanza za mdudu kibibi mdogo, mwekundu mwenye mabaka meusi, ziliwasili kati ya 1888 na 1889. Kwa muda mfupi gamba lile likadhibitiwa. Miaka ya 1940 wakulima wakaanza kupuliza DDT, dawa kali ya kuua wadudu, kwenye michungwa, kibibi akafa, na gamba likarudi kwa kishindo. Ilibidi dawa ipunguzwe na kibibi arudishwe mashambani.

Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni madhara yasiyoacha maiti. Zipo dawa zinazovuruga ukuaji wa wadudu, kama pairiproksifeni na buprofezini, zinazosifiwa kuwa ni za upole kwa sababu haziwaui nyuki wazima kwa wingi. Kwa kibibi mambo ni tofauti. Unamkuta mzima, anatembea, anakula, unafurahi. Kumbe mayai anayotaga hayaanguliwi, na mabuu yake hunenepa tu, yakashindwa kugeuka kuwa bundo, hatua ya kabla ya kuwa mdudu kamili. Kizazi kinaishia hapo, na wewe uliyekagua shamba siku tatu baada ya kupuliza umeandika kwamba dawa ni salama.

Nyigu vimelea, wale wadogo wanaotaga mayai ndani ya wadudu wengine, nao wana yao. Ukiona kidukari amevimba, amekauka na kuwa wa rangi ya kahawia, ndani yake mna mtoto wa nyigu. Ganda lile humkinga kiasi dhidi ya dawa, lakini siku ya kutoka hulitafuna ili atoboe tundu la duara, na sumu iliyoganda juu huingia kinywani mwake. Hata akipona, kiasi kidogo tu cha sumu kinaweza kumfanya ashindwe kufuata harufu inayomfikisha kwa vidukari wengine.

Wengi hudhani dawa ya asili haina madhara. Salfa, yaani kiberiti, ni ya zamani sana, na huwaua utitiri wawindaji. Spinosadi hutokana na bakteria wa udongoni, lakini ikiwa bado mbichi kwenye ua huua nyuki, na nyigu wadogo huathirika hata zaidi. Kupuliza jioni ni desturi nzuri, ila humsaidia yule anayerudi mzingani. Mwenye makazi juu ya mti hana pa kukimbilia.

Kwa nzi wa matunda ninapendelea chambo chenye dawa, kinachopulizwa sehemu ndogo tu ya mti, kuliko kulowesha mti mzima. Kwa vidukari naanza na sisimizi: wao huwalinda vidukari na kuwafukuza maadui wao ili wapate ule umajimaji mtamu wanaoutoa vidukari. Mkanda wa gundi kwenye shina, na matawi yasiyogusa ardhi, huwapa kibibi na nyigu nafasi ya kufanya kazi. Na ukilazimika kupuliza, tandika kwanza shuka jeupe chini ya mti mmoja, kisha asubuhi hesabu walioanguka, kila aina peke yake. Nimewaona watu wakipiga magoti mbele ya shuka hilo na kunyamaza.

Mkulima wangu tulimwachisha pairethroidi kabisa. Tulitumia mafuta mepesi ya miti ya matunda, tukilowesha upande wa chini wa majani, kwa sababu yakishakauka hayaachi sumu ya kumngoja mlinzi anayerudi. Pia tuliacha nyasi fupi kati ya mistari. Wiki kadhaa zilipita tukigeuza majani bila kuona kitu, hadi siku moja akaniita kwa sauti ya chini, lenzi ikiwa jichoni: "Njoo, huyu anakimbia."