Mashine ya kupaki krispi haimwagi mpaka gramu zitimie

Wengi tunaamini mashine ya kupaki krispi inamwaga tu kwenye paketi, gramu zikitimia inafunga. Hapana jamani, ingekuwa hivyo karibu kila paketi ingezidi, maana kipande cha mwisho kikishadondoka kimedondoka.

Iko hivi: juu kuna vibakuli vidogo vimepangwa duara, tuseme 10, kila kimoja kinapima kiasi chake, hiki gramu 11, kile 14, kingine 9, yaani ovyo ovyo tu, halafu kompyuta inajaribu kuvijumlisha kwa namna zote, na kwa vibakuli 10 ziko namna 1,023, paketi ikiwa ya gramu 50 inachagua kundi linaloikaribia hiyo 50 bila kupungua, mfano 11+14+9+16, basi hivyo vinne ndo vinafunguka na kujazwa upya, vingine vinasubiri zamu. Hayo yote chini ya sekunde moja!

Na kutolingana ndo kunakosaidia, hapo ndo napapenda sana, vibakuli vyote vingekuwa na 12 kamili 50 usingeipata kamwe, ni 48 au 60. Kampuni ya Ishida ya Japani ndo walioianzisha mashine hii miaka ya 1970, kwa ajili ya kupaki pilipili hoho.