"Mwandikieni Mfalme": dhana potofu kuhusu kumwombea aliyehukumiwa kifo

Zikija habari kwamba kijana wa Malindi au Lamu amehukumiwa kifo Saudia, jawabu ya barazani haibadiliki: tumwandikie Mfalme. Barua ya kurasa tatu inaandikwa, mtaa mzima unatia saini, inatumwa ubalozini, kisha watu wanakaa kungoja. Muda wote huo, mtu ambaye neno lake moja lingemwokoa kijana hajafikiwa na yeyote.

"Mfalme akitaka atamsamehe"

Inategemea kosa. Na hapa ndipo watu wetu wanapochosha, kwa sababu wengi wamekaa chuoni na jambo hili wanalijua. Mauaji ya kukusudia hukumu yake ni kisasi, yaani aliyeua auawe, na kisasi ni haki ya warithi wa marehemu. Surat al-Baqara, aya ya 178, watu wanaisoma toka utotoni, lakini ikija siku ya kuandika barua wanaisahau. Mfalme hawezi kusamehe damu isiyo yake. Anachoweza ni kuahirisha siku ili sulhu ipate nafasi, na kumwombea mfungwa msamaha kwa warithi. Barua ya kumwomba "msamaha wa kifalme" katika kesi ya kisasi inaomba kitu ambacho hana.

Kesi ya dawa za kulevya ni mlango mwingine kabisa. Hiyo ni taazir, adhabu iliyoachiwa hakimu na mtawala. Hakuna mrithi anayedai damu, hukumu hutekelezwa kwa amri ya Mfalme, na kuipunguza ni juu yake. Huko barua ya kwa Mfalme ina maana, tena ina haraka: Saudia ilirudia kuwaua waliohukumiwa kwa dawa za kulevya mnamo Novemba 2022 baada ya kusimamisha kwa muda, na mara nyingi familia haiambiwi siku. Usisubiri "tarehe itangazwe" ndipo uanze kuandika.

Kwa hivyo kabla ya kutafuta anwani ya mtu yeyote, pata nakala ya hukumu. Iombe kwa maandishi kwa ubalozi wa Kenya Riyadh au ubalozi mdogo wa Jeddah, na nakala ya ombi lako iende kwa Idara ya Wakenya Walioko Ughaibuni, Nairobi. Weka jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba ya ikama, yaani kibali cha ukaazi (tarakimu 10, ya mgeni huanza na 2), jela aliyomo na mji. Kwenye orodha za Saudia wenye jina kama Mohamed Ali Omar ni wengi mno. Barua isiyo na namba ya ikama inaishia kwenye trei ya karani.

Ukishajua ni kisasi, swali linalofuata ni warithi ni nani, mmoja mmoja, na umri wao. Akisamehe mrithi mmoja mtu mzima, kisasi huanguka kwa wote, na waliokataa hubaki na fungu lao la diya, yaani fidia ya damu. Akiwepo mtoto mdogo, desturi ya mahakama za Saudia ni kungoja abaleghe aulizwe mwenyewe, na hiyo yaweza kuwa miaka kumi ya kufanya sulhu. Familia ikiambiwa "warithi wamekataa", iulize: amekataa nani? Wangapi wameulizwa? Mjane ameulizwa? Mara nyingi aliyekataa ni ami mmoja anayesemea nyumba nzima.

Afisa wa kumfikia sasa ni gavana wa mkoa ilikotolewa hukumu, kwa kuwa chini ya magavana kuna kamati za sulhu ambazo kazi yao ni hii hasa. Raia wa Malindi hamwandikii gavana wa Makka moja kwa moja; anaiomba serikali yake iandike. Ombi kwa Wizara ya Mambo ya Nje liwe moja na lipimike: "Tunaomba ubalozi uiombe kamati ya sulhu ya mkoa ikutane na warithi, na tupewe jibu la maandishi." Mbunge au seneta naye asiombwe "atusaidie". Aombwe adai taarifa ndani ya Bunge kuhusu kesi hiyo, maana wizara italazimika kujibu na jibu litabaki kwenye kumbukumbu.

Warithi wakiwa Wayemeni, Lamu ina mlango ambao Nairobi haina. Nyumba ngapi hapa zina jamaa Hadhramaut? Sharifu mmoja anayejulikana Tarim au Seiyun, akipiga simu ya heshima, atasikizwa mahali ambapo saini elfu tano hazijulikani hata zimetoka wapi. Ila apige mmoja. Kila kundi likijitafutia namba ya warithi na kutaja pesa zake, bei hupanda na nyoyo huwa ngumu.

"Diya ikilipwa, kesho yuko nyumbani"

Mwaka 2025 Mkenya aliyekuwa akingoja kuuawa Saudia aliokolewa kwa diya ya riyali milioni 3.5, baada ya familia ya marehemu kuanza kwa kudai milioni 10. Malipo yalitangazwa Machi, naye akatoka jela Julai. Miezi hiyo si uzembe wa mtu. Warithi lazima waandikishe mahakamani tanazuli yao, yaani kuiacha haki yao ya kisasi, na hata wakishasamehe, haki ya umma inabaki: mahakama inaweza kuamuru kifungo. Msipeleke shilingi kwa mkono wa "mjumbe" kabla ya kukubaliwa na mahakama jinsi zitakavyolipwa.

"Rais wa Marekani anaweza kuizuia"

Hawezi, ikiwa hukumu ni ya jimbo, na karibu zote ni za majimbo. Joe Biden alipowabadilishia adhabu watu 37 Desemba 2024, wote walikuwa wafungwa wa serikali kuu. Georgia anayeamua ni bodi ya msamaha peke yake. Kumwandikia gavana ni kupoteza stempu. Alabama ni gavana. Texas gavana hawezi kubadilisha adhabu bila pendekezo la bodi. Akiwa peke yake anaweza tu kuahirisha kwa siku 30. Ombi rasmi la wakili lifike kwa bodi ya Texas si chini ya siku 21 kabla ya siku ya kuuawa, na barua za watu zinafaa zikiifuata faili hiyo mapema, si jioni ya mwisho.

Halafu kuna saa. Texas huua kuanzia saa kumi na mbili jioni yao, na hiyo kwetu ni saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia siku ya pili, kutegemea msimu. Anayepiga simu asubuhi ya "siku yenyewe" kwa saa za Malindi anaikuta ofisi imefungwa.

"Ananyongwa Ijumaa Kamiti, sambaza"

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Hukumu zinaendelea kutolewa, wizi wa mabavu ukiwemo, lakini ombi la hapa ni la kubadilishiwa adhabu, kama Kibaki alivyowafanyia zaidi ya watu 4,000 mwaka 2009 na Uhuru Kenyatta watu 2,747 mwaka 2016. Kifungu cha 133 cha Katiba kinaruhusu mtu yeyote kuomba, si wakili tu wala mzazi. Ombi huenda kwa kamati ya ushauri wa msamaha wa Rais. Lakini rufaa ikiwa bado iko Mahakama ya Rufaa hapa Malindi, malizeni hiyo kwanza.

Mengine

"Thibitisha hana hatia." Afisa wa msamaha hasikilizi kesi upya. Mweleze umri wake alipokosa, ugonjwa, mkalimani aliyekosekana, tabia yake jela. Ukurasa mmoja unatosha.

"Mkaripie aone haya." Barua yenye matusi huwekwa kwenye faili ileile ya mfungwa.

"Barua moja, tuinakili wote." Tumeni moja yenye saini zote, au kila mtu aandike kwa maneno yake. Nakala mia mbili zinazofanana neno kwa neno karani anazihesabu kuwa moja.

Na kwa kesi za Saudia, tazameni kalenda. Ofisi za Riyadh hufungwa Ijumaa na Jumamosi, za Nairobi Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Barua iliyotumwa Nairobi Ijumaa mchana haitafika mkononi mwa mtu Riyadh kabla ya Jumapili.