Dalali hajaondoka, kazi yake imehamia kwangu

"Dada, kama mboga zinatoka moja kwa moja shambani, mbona bei yako ni ile ile ya soko la Kilombero?" Swali hili limeingia tena wiki hii kwenye WhatsApp, chini ya picha ya nyanya za Mbuguni, na sasa limenifika shingoni. Anayeuliza hana nia mbaya. Amesikia, kama tulivyosikia sote semina baada ya semina, kwamba ukiuza mtandaoni unamtoa dalali katikati, basi mkulima anapata zaidi na mlaji analipa pungufu, kwenye kilo ile ile. Kazi yangu ni kuunganisha wakulima wa huku Meru na nyumba za Arusha mjini, na nasema wazi kwamba haiko hivyo.

Dalali wa nyanya anafanya nini hasa? Anakusanya matenga ya wakulima kadhaa mpaka gari lijae, analipa taslimu pale pale shambani, na zikipondeka njiani hasara ni yake. Kabla hajaondoka ameshajua kesho atamuuzia nani. Simu haifanyi hata moja kati ya hayo. Ukimtoa mtu huyo, kazi zake zinabaki zikisubiri mwingine azifanye, na huyo mwingine naye ana watoto wanaosoma. Kwa upande wangu, huyo mwingine ni mimi, kijana anayenisaidia kupanga mizigo, na bodaboda wawili.

Chukua usafiri peke yake. Boda akitoka Tengeru mpaka Njiro na mafungu manne ya mchicha na kilo mbili za nyanya za mteja mmoja, nauli inameza mzigo mzima. Boda huyo huyo akibeba oda kumi za njia moja, anashusha Ngulelo, anashusha Kijenge, anamalizia Njiro, hesabu inakaa. Ndiyo maana sipeleki kila siku. Napeleka Jumatano na Jumamosi, na siku hizo sikuzichagua kwa kupenda: ni siku za soko la Tengeru.

Soko hilo watu wanaliona kama mpinzani wa biashara ya mtandaoni, na hapo ndipo ninapochoka kabisa. Bila soko la Tengeru nisingeweza kuuza kitu mtandaoni. Mteja wa simu anataka nyanya ngumu za saizi moja na karoti zilizonyooka. Shamba halizai hivyo. Katika tenga moja zimo nzuri, zimo za wastani, zimo zilizoguswa na jua upande mmoja. Mimi nikichukua zile nzuri, zilizobaki lazima ziende mahali siku hiyo hiyo, na mahali penyewe ni sokoni, kwa mama wa genge anayezipanga mafungu na kwa mwenye mgahawa wa rosti asiyejali sura ya nyanya.

Tena lipo jambo ambalo mafunzo hayaligusi. Dalali hununua tenga zima bila kuchambua, nzuri zikizibeba mbaya. Mimi nikishachomoa nzuri, tenga lililobaki linaonekana masalia, na bei yake inashuka. Kwa hiyo mkulima amelipwa vizuri na mimi kwa kilo chache, halafu akapunjwa kwenye kilo nyingi. Ukijumlisha msimu mzima, je, amepata zaidi ya jirani yake aliyemuuzia dalali kila kitu? Kuna wakulima wangu ambao naamini jibu ni ndiyo, hasa wenye eneo dogo la mboga za majani. Kwa wale wa nyanya nina shaka, na shaka hiyo sijaweza kuimaliza. Ninachofanya kwa sasa ni kuchukua na daraja la pili kiasi, nikaliuza kwa jina lake na bei yake: "nyanya za kupikia." Zinatoka, ila taratibu.

Sasa faida iko wapi? Iko kwenye oda kufika kabla ya kisu. Mboga nyingi unazozikuta sokoni asubuhi zilivunwa jana yake mchana, zikalala, zikanyunyiziwa maji zisionekane zimelegea. Mkulima alivuna kwa kukisia. Huku kwetu, oda zikifungwa jioni, ninampigia mama wa Akheri: "Shikamoo mama, kesho mchicha mafungu thelathini, mnafu kumi na tano, chainizi hakuna." Saa kumi na moja alfajiri anakata kiasi hicho, wakati majani bado yana ubaridi wa usiku. Joto la shambani ndilo linaloua mboga za majani. Ukizikata saa saba mchana zinaendelea kupoteza maji hata ukiziweka kivulini. Na fungu lisiloagizwa halijakatwa, liko kwenye tuta linaendelea kukua. Hapo ndipo mkulima anapookoa fedha, na mlaji anapata mchicha unaokaa siku mbili zaidi jikoni.

Nyanya haina uvumilivu huo. Ikishaanza kuvunja rangi, saa zinahesabika. Halafu kuna kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014 na tangu hapo hajaturuhusu kuahidi chochote kwa uhakika. Shamba nililolipiga picha Jumapili likiwa zuri linaweza kuwa na matundu wiki inayofuata. Ndiyo sababu napiga picha upya kila wiki, na ndiyo sababu siwaelewi wanaoweka picha moja ya msimu uliopita mwaka mzima.

Parachichi nalo lina elimu yake, na ndilo linaloniletea malalamiko mengi. Haliivi likiwa mtini. Linakomaa mtini, kisha linaiva baada ya kuchumwa. Mteja akiniandikia "nataka makubwa," namjibu kwamba ukubwa si kukomaa. Maabara wanapima kiasi cha vitu vikavu kwenye nyama ya tunda. Shambani tunapasua moja la mfano na kuangalia ngozi ya kokwa. Ikiwa nyeupe na nene, mti unaachwa. Ikiwa imekauka, ya kahawia na nyembamba kama karatasi, tunachuma. Lililochumwa changa linasinyaa likiwa gumu, na hata ulifungie na ndizi mbivu halitakuwa tamu. Mwanzo wa msimu, bei ikiwa juu, vishawishi vya kuchuma mapema ni vikubwa kwa kila mtu, awe dalali au mwenye ukurasa wa Instagram. Na mkilipata: la aina ya Hass linageuka rangi likiiva, ya kwetu ya kijani mengi yanabaki kijani. Bonyeza karibu na kikonyo, usisubiri rangi.

Mizani ni faida ya pili, na inasemwa mara chache mno. Lumbesa imekatazwa, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalirudia hilo kila mara, lakini pita vijijini wakati wa viazi na vitunguu uone magunia yalivyoshonewa kofia juu. Mteja wa mtandaoni ananunua kwa kilo, hivyo na mimi lazima ninunue kwa kilo, kwenye mizani yenye muhuri. Kuna mzee wa viazi ambaye siku ya kwanza alisimama akiangalia namba kwenye mizani, akaomba tupime tena gunia lile lile, kisha akanyamaza. Alikuwa anapiga hesabu ya miaka.

Mengine nayapitia haraka. Mkulima anataka hela siku ya kuvuna na mteja anataka kulipa akishaona mzigo, kwa hiyo pengo hilo linazibwa na mtaji wangu. Makato ya kutuma na kupokea kwa simu yanaingia kwenye bei. Vitu vilivyosindikwa, kama unga wa lishe au siagi ya karanga, ni habari ya Shirika la Viwango (TBS) tangu majukumu ya chakula yahamishiwe kwao mwaka 2019. Usiniletee chupa isiyo na lebo. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni mwaka huo huo, basi ukiletewa mboga kwenye kapu, rudisha kapu.

Masika ndiyo yanayotupima. Njia za juu kuelekea Nkoaranga zinateleza, boda hapandi, mzigo unateremshwa kichwani mpaka barabarani, na aliyeubeba analipwa. Mwezi wa nne bei yangu inaweza kuzidi ya Kilombero, na sitaomba radhi kwa hilo.

Ninachowaomba wateja ni kitu kimoja, na nakiomba kwa dhati: msighairi asubuhi. Ukighairi jana yake saa mbili usiku, nampigia mama na mchicha wako unabaki shambani, hakuna aliyeumia. Ukighairi saa moja asubuhi kwa sababu shemeji amepita na mboga, umeshakatwa, umeshafungwa, uko kwenye boda. Sokoni hasara hiyo ingekuwa ya mama. Nimeamua iwe yangu, lakini kuanzia mwezi ujao nusu ya malipo italipwa wakati wa kuagiza, hata kwa wale tuliozoeana.