Nyuzi elfu kumi si mzigo wa kuogopa

Kijana ninayemfundisha Haskell, lugha ya programu, hapa Mwanza aliandika programu ya kupokea bei za dagaa kutoka simu za wachuuzi, akaweka nyuzi (threads, yaani kazi zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu) nane tu. "Mashine ina kori (viini vya prosesa) nane, mwalimu. Nikizidisha itakwama." Wengi wanaamini hivyo, na wanajinyima bure.

Uzi unaoanzishwa na forkIO, amri ya Haskell ya kuanzisha uzi, si uzi wa mfumo endeshi. Ule wa Linux kwa kawaida hutengewa nafasi ya staki (kumbukumbu ya kazi ya uzi) ya megabaiti 8. Wa Haskell huanza na kilobaiti 1, ukakua ukihitaji.

Tazama soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi: makuli wachache, magunia tele. Gunia likisubiri mzani, kuli hasimami kulitazama; anabeba jingine. Makuli ndio nyuzi za mfumo endeshi, magunia ndiyo nyuzi za forkIO. Uzi ukisubiri mtandao, GHC, kikusanyaji (compiler) cha Haskell, huuweka kando na kuendesha mwingine. Ukitaka kori zote zifanye kazi, jenga programu kwa -threaded na -rtsopts, iendeshe kwa +RTS -N. Bila hivyo kuli ni mmoja.

Cha kuogopa kweli ni hiki: main, sehemu kuu ya programu, ikimaliza, nyuzi zote zinakatwa, hata ulio katikati ya kuandika. Ndivyo bei za mwisho za kijana wangu zilivyokuwa zikipotea. Tuliupa kila uzi MVar tupu (kisanduku cha kubeba thamani moja), forkFinally ikaijaza kazi ikiisha, hata ikiisha kwa hitilafu, na main ikafanya takeMVar, yaani kusubiri kisanduku kijae na kukitoa kilichomo, kwa kila moja kabla ya kutoka.