Kubana matumizi: na ofisi zilizo juu ya serikali je?

Serikali ikitangaza kubana matumizi, swali la kwanza la watu wa Goma ni hili: na wakubwa wamekatwa ngapi? Mwalimu anayesubiri mshahara hahitaji kufundishwa hesabu. Anajua idadi ya mawaziri, misafara ya magari, na washauri ambao hakuna ajuaye wanashauri nini. Wapo wengine ambao ni nadra kutajwa: watumishi wanaolipwa na nchi nyingi kwa pamoja, walioko Arusha, Addis Ababa, Brussels au New York. Makato yakija, nao yawaguse?

Taasisi ya juu ya mataifa ni ile ambayo nchi wanachama zimeikabidhi sehemu ya mamlaka yao, hata maamuzi yake yanazifunga bila kila bunge kuyapigia kura upya. Mfano uko karibu kuliko tunavyodhani. Ingia duka lolote kubwa la Birere, mtaa wa biashara wa Goma, utakuta cheti cha RCCM, yaani cha usajili wa biashara, kimebandikwa ukutani. Sheria inayosimamia kampuni hiyo haikutungwa Kinshasa. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za OHADA, shirika la nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, lenye sekretarieti Yaoundé na mahakama Abidjan. Umoja wa Ulaya ni wa aina hiyo hiyo, ila mkubwa zaidi. Umoja wa Mataifa na Jumuiya ya Afrika Mashariki zina nguvu ndogo kuliko hizo, lakini kwa swali la pesa tunaweza kuziweka kapu moja, maana zote mwisho wa yote zinaishi kwa jasho la mlipa kodi.

Pesa hizo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada ya kila nchi. Ya pili ni makato ya forodha: mwaka 2016, mjini Kigali, Umoja wa Afrika uliamua kukata 0.2% ya thamani ya bidhaa kutoka nje ya bara, na jumuiya ya Afrika ya Kati, CEEAC, ina 0.4% yake. Pale yanapotekelezwa, gunia la mchele kutoka Asia linafika sokoni likiwa limebeba ndani ya bei yake kipande cha mshahara wa karani wa Libreville, makao ya CEEAC.

Kuhusu makato ya kubana matumizi, Ulaya ndiyo iliyobishana zaidi. Baada ya msukosuko wa uchumi, Ugiriki, Ureno, Ireland na Hispania zilipunguza mishahara ya watumishi wa umma. Wakati huo huo watumishi wa Umoja wa Ulaya walitazamiwa kupata nyongeza ya 3.7%, iliyotokana na kanuni ya kukokotoa iliyoandikwa kabla mambo hayajaharibika. Desemba 2009 serikali zikasema nusu yatosha, 1.85%. Kamisheni, yaani chombo cha utendaji cha Umoja huo, ikaenda mahakamani, na tarehe 24 Novemba 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaipa ushindi. Kisheria hakuna cha kulaumu, kwani kanuni ile ilipitishwa na serikali zenyewe. Lakini jaribu kumweleza hivyo nesi wa Athens ambaye mshahara wake ulikatwa mwaka huo huo.

Hasira ile haikupotea bure. Februari 2013 viongozi wa Ulaya, David Cameron wa Uingereza akiwa miongoni mwa waliosukuma zaidi, walikubaliana bajeti ya 2014 hadi 2020 yenye kikomo cha euro bilioni 960. Ilikuwa mara ya kwanza mpango wa miaka saba kuwa mdogo kuliko uliotangulia. Nafasi za kazi zikapangiwa kupungua kwa 5%, na saa za kazi kwa wiki zikapanda kutoka 37.5 hadi 40 bila senti ya ziada.

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Gharama za uendeshaji za Umoja wa Ulaya, yaani mishahara, majengo na wakalimani, ni kama 6% tu ya bajeti yake. Sehemu kubwa inarudi kwa wakulima na mikoa maskini. Anayedai bajeti nzima ikatwe ili “kuwakomoa wakubwa wa Brussels” anaweza kujikuta amemkomoa mfugaji wa kijijini kwake. Na baadhi ya ubadhirifu unaoonekana kabisa hautoki kwa makarani. Bunge la Ulaya huhamisha mafaili na watu kwenda Strasbourg karibu kila mwezi kwa sababu mkataba wa serikali unalazimisha, na Ufaransa haikubali kuubadili. Mwaka 2014 wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo walikadiria kwamba kuhamia Brussels moja kwa moja kungeokoa euro milioni 114 kwa mwaka.

Huku kwetu ugonjwa ni mwingine: ada hazilipwi. Katika likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, mwanachama anayetaka mchango upunguzwe husema kikaoni. Anayenyamaza tu na kuacha kuleta anaivunja. Serikali zetu mara nyingi huchagua njia ya pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, imewahi kuahirisha vikao vya bunge lake kwa kukosa pesa. CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu iliyoundwa mwaka 1976 na Zaire (Kongo ya leo), Rwanda na Burundi, makao yake yako Gisenyi, hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma na Rwanda. Vita viliilaza, ikafufuliwa mwaka 2007, kisha ikasinzia tena. Wengi wa Goma waliijua kama jina la karatasi ya kuvukia mpaka kuliko kama ofisi yenye wafanyakazi.

Deni pia ni makato, isipokuwa hakuna aliyeyapigia kura. Umoja wa Mataifa umeyaonja mwaka 2025: Marekani, inayopangiwa 22% ya bajeti ya kawaida, ilichelewesha malipo, na Katibu Mkuu António Guterres akapendekeza bajeti ya 2026 ipunguzwe kwa zaidi ya 15%. Oktoba ikatangazwa kwamba askari na polisi wa misheni za amani, MONUSCO ya hapa Kongo ikiwemo, watapungua kwa takriban robo. Ofisi kama hizo zikibana, dereva, mlinzi na mkalimani wa hapa hapa ndio wepesi kuachishwa. Mikataba yao ni mifupi.

Kwa maoni yangu, ndiyo, zishiriki makato, ila yaanzie kwenye safari, mikutano ya hotelini na vyeo vya juu, na yaamuliwe mezani na nchi zinazolipa. Na kabla ya hapo kuna pa kuokolea zaidi. Kati ya jumuiya nane za kikanda zinazotambuliwa na Umoja wa Afrika, Kongo imo katika nne: EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki), SADC ya kusini mwa Afrika, COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) na CEEAC. Sekretarieti nne, ada nne, mikutano ya mawaziri isiyoisha, nyingine kuhusu forodha ile ile. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na malori yake hayakuacha kwenda Zambia. Sisi bado tunalipa kote kunne, au tunadaiwa.